Springi za Mtu wa Viroba Viwili

Mwandiko wangu ni mbaya, mnivumilie. Herufi zinalalia upande mmoja, na pale nisipojua neno linaandikwaje nimeliandika kama linavyosikika. Niliishia darasa la saba. Nyumbani tulisema Kisukuma, kwa hiyo Kiswahili changu ni cha shuleni na cha machimboni. Ukurasa mmoja hunichukua jioni nzima. Lakini jambo hili siwezi kulisema kwa mdomo, kwa sababu nikiwa mbele ya watu maneno yananikauka, na ndiyo maana hata siku ya gereji mambo yalikwenda kama yalivyokwenda.

Ninaendesha guta, pikipiki ya magurudumu matatu yenye bodi ya chuma nyuma. Huku Kharumwa kazi ya guta ni kubeba viroba vya mawe ya dhahabu kutoka kwenye maduara, yaani mashimo ya wachimbaji, kuyapeleka kwenye karasha yakasagwe. Guta ni la baba. Alilinunua mwaka ambao duara lao lilitoa vizuri, akanipa niendeshe, yeye akaendelea kushuka chini.

Nyuma ya guta kuna springi za mabamba. Ni vyuma vilivyopinda kidogo, vimepangwa kimoja juu ya kingine na kufungwa pamoja, kila upande wa ekseli fungu lake. Ukitaka guta libebe zaidi unaongeza bamba. Ukitaka lilainike unatoa. Sisi wa mawe tunaongeza tu. Guta letu lilikuwa na mabamba mengi mpaka likiwa tupu lilikuwa linaruka kila jiwe, na kama hukushika usukani vizuri linakupeleka porini. Likibeba mzigo linatulia, linakwenda kama ng'ombe aliyeshiba. Kila dereva wa guta anajua hivyo.

Jambo la pili ambalo lazima mlijue ni uzito wa baba. Kwenye duara watu hushushwa kwa kamba iliyozungushwa kwenye gogo, na wanaoshika kamba lazima wajue anayeshuka ana uzito gani ili wajue washike wangapi. Hawana mizani. Wanahesabu kwa viroba vya mawe, maana ndivyo wanavyovuta siku nzima. Kuna mtu wa kiroba kimoja na nusu, kuna mtu wa kiroba na robo. Baba alikuwa viroba viwili. Alikuwa peke yake mwenye viwili katika duara lao, na alipokuwa akikaribia mdomo wa shimo walikuwa wanaitana, "Viwili anashuka," na wa tatu anakuja kushika kamba. Hata muuza chai alimwita hivyo, Viwili. Nilipokuwa mdogo nilijivunia sana. Watoto wengine walikuwa na baba wa kimoja na nusu.

Ukuta wa duara ulimwangukia mgongoni. Walimtoa akiwa hai. Hospitali walimpiga picha, wakasema mfupa wa mgongo umeharibika, wakampa dawa za maumivu, na mara ya mwisho wakaniita pembeni wakaniambia nimpeleke nyumbani akapumzike. Mama alishafariki zamani, kwa hiyo chumbani tulikuwa wawili. Baba alilala, na alivyoendelea kulala alikuwa anaisha. Miguu iliisha kwanza, kisha mabega, kisha uso.

Kwetu mgonjwa haambiwi kwamba amekonda. Kumwambia ni kama kumchimbia kaburi. Unaingia, unamsalimia, unamwangalia usoni tu, unasema, "Lakini leo naona umenenepa kidogo." Naye anajibu, "Tunamshukuru Mungu." Wote waliokuja walisema hivyo, Waislamu kwa Wakristo, watu wa duara na majirani. Mimi ndiye niliyekuwa namfunga mkanda wa suruali, na nilishautoboa matundu mapya kwa msumari mpaka ukawa unamzunguka karibu mara mbili. Nami nilikuwa namwambia asubuhi, "Baba, umenenepa."

Alitaka kitu kimoja tu. Mama yake, bibi yangu, bado yuko hai Kishapu. Ni mzee sana, haoni vizuri, hawezi safari. Baba aliondoka kwake akiwa kijana kuja kutafuta dhahabu, akawa anasema nitarudi duara likitoa, na lilipotoa akasema nitarudi likitoa tena. Sasa alisema, akimwita mama kwa Kisukuma, "Nipeleke kwa mayu. Anishike tu mkono, basi."

Kwenye basi hawezi kukaa, na gari la kukodi halikuwa saizi yetu. Lilibaki guta. Tungeweka godoro kwenye bodi, tungefunga turubai juu, tungekwenda mpaka Shinyanga mjini tulale kwa shangazi yangu, dada yake, anayeishi Ngokolo, na kesho yake tungemaliza kipande cha Kishapu. Kilichobaki kilikuwa springi. Kwa springi zile za mawe asingefika.

Nilimlaza kwenye bodi nikampeleka gereji polepole, kwa sababu alisema guta ni lake na springi atachagua mwenyewe. Pale gereji alikuwepo mzee aliyekuwa anaongoza watu wa kamba katika duara lao. Ndiye aliyemshusha baba miaka yote.

"Shikamoo mzee," fundi alimsalimia baba.

"Marahaba. Nitengenezee hili, nakwenda nyumbani."

"Nyumbani wapi?"

"Kishapu."

"Kishapu! Huko ng'ombe si wanakula vumbi?"

"Wanakula vumbi na wanatoa maziwa," baba akasema. "Nyinyi huku mnakula vumbi na hamtoi kitu."

Wakacheka wote. Baba naye alicheka, kisha akafumba macho kwa sababu kucheka kulimuuma.

Fundi aliinama chini ya guta, akagonga mabamba kwa spana, akarudi akifuta mikono. Alisema kuna namna mbili. Anaweza kutoa bamba moja kila upande, guta likabaki gumu kidogo. Au anaweza kutoa mabamba karibu yote na kusaidia na shokapu mbili za pikipiki alizokuwa nazo pale kwenye ndoo, guta likawa laini kabisa. "Lakini sichagui mimi, unachagua uzito," alisema. "Nikilegeza sana na mzigo ukawa mzito, bodi itakuwa inagonga ekseli, na kila ikigonga ni nyundo mgongoni kwake. Nikikaza na mzigo ukawa mwepesi, springi hazitashuka kabisa. Barabara yote ataipokea yeye. Haya, mgonjwa ana uzito gani?"

Mzee wa kamba akamwonyesha viganja vyake. "Huyo unamuuliza nani? Huyo ni viwili. Mikono hii inamjua."

"Viwili," baba akasema kutoka kwenye bodi. "Na godoro juu yake."

Fundi aliangalia blanketi. Chini ya blanketi hapakuwa na kitu kilichoinuka isipokuwa magoti. Nadhani aliona. Lakini naye alilelewa kama sisi, hakuwa na namna ya kulisema. Akanigeukia mimi. "Dogo, wewe ndiye dereva. Unasemaje?"

Watu wote waliniangalia. Mzee wa kamba, fundi, vijana waliokuwa wanaziba pancha. Baba naye aligeuza kichwa. Nikaangalia spana iliyokuwa chini.

"Kama alivyosema baba," nikasema.

"Bamba moja kila upande basi," fundi akasema. "Mtu wa viroba viwili hapo atalala kama amebebwa mgongoni."

Nimewahi kufikiri ningesema nini. Ningesema, "Fundi, baba sasa hafiki kiroba kimoja." Mbele ya mtu wa kamba. Mbele ya baba mwenyewe. Sijui nani angeweza kuisema sentensi hiyo. Hata sasa naiandika mkono ukiwa mzito.

Tuliondoka asubuhi kabla jua halijawa kali. Mzee wa kamba alikuja kutuaga, akamwambia baba, "Umenenepa. Hilo guta litalia." Baba akampa mkono.

Barabara ya kutoka kwetu kwenda kuikuta lami ni ya vumbi, na malori yameikwangua ikawa na vijituta kama mbavu. Nilikwenda taratibu sana. Nilisikia tangu mwanzo. Dereva anasikia springi kwa makalio kabla ya masikio. Guta halikuwa limeshuka hata kidogo. Lilikuwa linaruka kama tupu.

Baba hakulalamika. Alikuwa ananiambia, "Simama niangalie mbuga." Nasimama. Anaangalia upande wa nje ya turubai, anapumua, halafu anasema twende. Baada ya muda akasema tena simama niangalie mbuga, na pale hapakuwa na mbuga, palikuwa na ukuta wa shule. Nilishuka nikapunguza upepo kwenye matairi ya nyuma. Ilisaidia kidogo, halafu haikusaidia. Nilimkunjia nguo zetu zote nikazisukuma chini ya kiuno chake. Tulipofika sehemu ya makorongo akaanza kutoa sauti. Haikuwa kilio. Kila gurudumu lilipogonga, hewa ilikuwa inamtoka na sauti ndani yake, kama mtu anayepigwa ngumi tumboni.

Nikasimama kando ya barabara ambapo mama mmoja alikuwa amekaa chini ya kibanda cha matawi akiponda kokoto. Nilitaka kivuli tu. Nilimwamkia, akaitikia, akauliza tuna shida gani. Nikamwambia guta linamuumiza mgonjwa.

Alikuja akaliangalia, akasukuma bodi kwa mkono. "Si liko tupu," akasema. "Guta tupu ndivyo lilivyo. Mume wangu analo."

"Si tupu, mama. Lina mtu."

"Mtu yupi? Springi hazijamwona."

Hakusema kwa ubaya. Yeye alikuwa anazungumzia guta. Kisha aliinua turubai kumsalimia mgonjwa, akamwona, akaweka mkono mdomoni. Baba alikuwa macho.

"Mwadila, mayu," baba akamsalimia, ingawa bado ilikuwa kabla ya saa sita, na hiyo ni salamu ya jioni.

"Mwadila," akaitikia. Hakuongeza kwamba amenenepa. Alikuwa ameshachelewa.

Alitupatia viroba vyake vya kokoto, vilivyojazwa nusu. Alinisaidia kuvinyanyua. Tuliweka kimoja upande wa kichwani, kimoja kushoto, kimoja kulia, mpaka nikaona mabamba yameanza kunyooka na bodi imeshuka. Cha mwisho tulikiweka miguuni. Katikati ya viroba baba alikuwa amelala kama mtu aliyefukiwa na kubakizwa uso. Nilimshukuru yule mama, "Wabeja, wabeja sana," akasema nitamrudishia viroba vyake nikipita tena.

Guta likatulia. Niliwasha, nikaendesha, na kule kuruka kukaisha kabisa. Kwenye makorongo lilishuka na kupanda polepole. Sauti ya baba ikakata. Nilifurahi kidogo, nawaambia kweli, nilifurahi kama mtu aliyepata jibu la hesabu. Nilikuwa nasikiliza nyuma na hakukuwa na kitu.

Tulipofika kwenye lami akaniita. Nikasimama.

"Umeweka vingapi?"

"Vinne, baba."

"Ndipo likalainika?"

"Ndiyo."

Mkono wake ulikuwa juu ya kiroba cha kulia, anakipapasa kama anavyopapasa mtu wa duara kujua kama mawe yana kitu. Malori yalikuwa yanapita na kila likipita turubai lilikuwa linapigapiga.

"Mimi nilijua bado ni viwili," akasema. "Wote mnasema nimenenepa."

Nilirekebisha kamba ya turubai ambayo haikuwa imelegea.

Ngokolo tulifika jua likiwa bado juu. Shangazi alitoka mbio, amejifunga kanga, unga mikononi. Alipoinua turubai alifanya alivyofundishwa. "Kaka! Mbona umenenepa hivi!"

"Usiniambie hivyo tena," baba akamwambia. Alisema taratibu. Shangazi aliniangalia, mimi nikaangalia viroba. Tulimbeba ndani kwa godoro lake. Yaani shangazi alishika upande wa kichwa na mimi upande wa miguu, na katikati ya mlango shangazi aliniambia niachie, akamchukua peke yake kama anavyochukuliwa mtoto aliyelala.

Kesho yake niliamka mapema nikakagua mafuta. Kipande cha Kishapu si kirefu, na viroba bado vilikuwa kwenye bodi. Tungekuwa kwa bibi kabla ya chakula cha mchana. Niliingia kumwambia baba tuko tayari.

"Siendi," akasema.

Nilidhani ni maumivu. Nikamwambia guta sasa ni laini, jana mwenyewe ameona.

"Si guta. Nikifika, mayu ataniambia nini?"

Nilijua.

"Haoni vizuri. Atanipapasa," akasema. "Atanipapasa mikono na uso, halafu ataniambia nimenenepa. Nyinyi nikiwasikia mkisema hivyo nanyamaza. Mayu hajawahi kunidanganya. Akinidanganya yeye, nitajua nimekwisha."

Shangazi alijaribu. Alisema mama hawezi kusema hivyo, atamwambia lingine. "Lipi?" baba akamuuliza. "Niambie neno ambalo mama atamwambia mwanawe aliyekuja kwenye guta la mawe." Shangazi alifikiri. Alifikiri kweli, nilimwona. Kisha akaenda jikoni.

Tangu siku hiyo tuko Ngokolo. Bibi hupiga simu kupitia kwa mjukuu wake mwingine anayekaa naye. Anauliza mbona hamfiki, kwani barabara imekatika? Namwambia springi. Mwanzoni hakuelewa, sasa anaelewa, na huuliza, "Springi zimepatikana?" Halafu anauliza kwa sauti ya chini, "Na hali yake? Amenenepa?" Baba amelala pale pale, simu inasikika. Namjibu, "Amenenepa, bibi." Baba anageukia ukutani. Sina jibu jingine. Nimelitafuta.

Viroba vya yule mama sijamrudishia. Nimepata fundi hapa mjini, nimemwambia atoe mabamba yote isipokuwa yale marefu, na nimefunga shokapu za pikipiki kama yule wa kwanza alivyosema. Nilifikiri kama guta litakuwa laini bila mawe, labda baba atakubali, kwa sababu ataingia nyumbani kwao peke yake, si katikati ya viroba. Lakini fundi ananiuliza swali lile lile, mgonjwa ana uzito gani, ili akaze au alegeze shokapu. Sijui. Kwenye mizani ya hospitali lazima usimame. Shangazi ndiye anayemnyanyua kumwogesha, nilimuuliza, akasema, "Usiniulize kitu hicho, mwanangu." Nilijaza mchanga kwenye kiroba nikakadiria, nusu, nikakiweka kwenye bodi nikaendesha mpaka kwenye mashimo ya barabara ya mtaani. Kilitulia vizuri. Nikafurahi. Baada ya wiki chache nilimgeuza baba kitandani, mikono yangu ikajua kwamba ile nusu si yeye tena. Nikapunguza mchanga, shokapu zikawa ngumu tena. Kila ninapomfikia, ameshapita.

Guta halibebi mawe sasa, haliwezi. Linabeba viazi na maji kidogo kidogo hapa mjini. Jioni nalipaki chini ya dirisha lake. Wakati mwingine ananiuliza, "Umelilegeza?" Namwambia nimelilegeza. Anasema, "Haya." Haulizi safari, na mimi siulizi. Mvua zikianza ile njia ya Kishapu itakuwa tope jeusi, na hilo haliruhusu guta lolote, liwe laini au gumu.

Nimeandika haya kwa sababu huenda miongoni mwenu kuna mtu aliyewahi kumbeba mgonjwa asiye na uzito kwenye barabara mbaya. Niandikieni. Niambieni mlifungaje springi kwa mtu ambaye kila wiki si yule wa wiki iliyopita. Na kama kuna mtu anayejua neno ambalo mama anaweza kumwambia mtoto wa namna hii, neno ambalo si uongo na halimchimbii, tafadhali aniandikie hilo kwanza, kabla ya mambo ya springi. Nitampigia bibi nimfundishe. Nasoma polepole kama ninavyoandika, lakini nitasoma kila mtakachoniletea.